Kambi Imefika Uani kwa Mama

Mtaa wa Nyikani,
Makambako.
21 Julai, 2024.

Mpendwa mdogo wangu Lukas,

Kamwene, mwana wa mama. Nakusalimu wewe, wifi yangu Ida na watoto. Vipi kifua cha Noela? Tulipoongea mara ya mwisho nilimsikia anakohoa nyuma yako, na tangu siku hiyo kikohozi kile kimekaa sikioni mwangu. Mwambie Ida amvalishe sweta hata kama watoto wa Bukoba wanamcheka. Ziwa nalo lina baridi yake, si sisi watu wa nyanda za juu peke yetu.

Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Baridi ya mwaka huu ni ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Asubuhi ukungu unalala juu ya reli, huoni mabehewa, na madereva wa malori wanaingia mgahawani kwangu wamejifunga mablanketi kama wagonjwa. Basi chai inatoka. Shemeji yako Danford bado yuko kwenye mashine ya kupasulia mbao. Jenifa yuko kidato cha pili, na ukimwona sasa utadhani ni mimi nilivyokuwa, ila yeye amenipita urefu. Mama anakula vizuri. Magoti ndiyo yanamsumbua. Kila asubuhi kabla hajagusa uji anakutaja wewe kwanza kwenye sala, halafu sisi tulio karibu ndio tunafuata.

Najua unajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo. Najua pia umenikasirikia. Kila ulipouliza habari za kiwanja cha mama nilikwambia mtandao unakata, au mgahawani kuna wateja. Mtandao haukuwa unakata, Lukas. Nilikuwa naogopa. Hapa mtaani watu wanaamini kwamba simu ya askari ina masikio mengine, na ukiongea na ndugu yako aliye jeshini kuhusu kambi, kuna mtu wa tatu anasikiliza. Sijui kama ni kweli. Wewe ndiye unayejua mambo hayo. Lakini mimi sikutaka kujaribu kwa kutumia shingo yako.

Ndiyo maana barua hii anakuletea Davis, yule dereva anayepeleka mbao huko, ambaye tulisoma naye. Nimemwambia ampe Ida mkononi, asimpe mtu mwingine yeyote, hata akisema ni rafiki yako. Ukishaisoma, fanya utakavyoona, ila usiiache juu ya meza.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana ulipoondoka wewe mambo hayakuwa hivi.

Unaikumbuka kambi ilivyokuwa: iko kule ng'ambo ya bonde, haina uzio, na askari walikuwa wanakuja kwetu kununua maziwa. Baba alipopewa eneo lile na serikali ya kijiji, enzi hizo Nyikani hakuna hata duka, alisema ni bahati kukaa karibu na askari kwa sababu wezi hawatakuja. Mji ukakua. Watu wakajenga kutoka barabarani kushuka mpaka bondeni, na kambi nayo ikawa inapanuka kutoka upande wake. Hakuna aliyejali. Kila mtu alidhani bonde ndilo mpaka.

Mvua za Machi zilipokuwa zinaisha wakaja wapima ardhi, wakiwa na askari. Waliweka mawe ya mpaka. Jiwe moja walilichimbia upande wa juu wa nyumba ya mama, kule karibu na barabara ya mtaa. Yaani nyumba, jiko, banda la nguruwe, kaburi la baba na vinyungu vyote tunavyolima bondeni vimekuwa ndani ya kambi. Nyuma yao alikuwa anapita kijana na kopo la rangi nyekundu, anaandika X kwenye kuta. Mama alitoka jikoni akamkuta ameshamaliza ukuta wa mbele.

"Nani amekutuma uandike kwenye nyumba yangu?" mama akamuuliza.

"Mama, mimi ni kibarua tu," yule kijana akajibu. Mama anasema alijibu bila kumtazama, akahamia ukuta wa pembeni.

Mkutano ukaitishwa kwenye uwanja wa shule. Alikuja afisa mmoja mwenye nyota mabegani, na watu wa ardhi na ramani yao. Yule afisa hakufoka. Alieleza kwa upole kwamba eneo lote lile ni la kambi tangu zamani, ramani inaonyesha, sisi ndio tuliolifuata jeshi na si jeshi lililotufuata sisi, na kwamba kuishi karibu na sehemu ya mazoezi ni hatari kwa watoto wetu. Wazee wakasema walipewa na kijiji, na waliokuwa viongozi wa kijiji wengine bado wapo hai, waulizwe. Akasema, "Nimewasikia. Lakini kijiji hakiwezi kugawa kisichokuwa chake." Aliyasema maneno hayo kama daktari anayekwambia habari ya ugonjwa. Mimi angefoka ningepata nguvu.

Tangu siku hiyo, Lukas, hata milio ya bunduki za mazoezi tuliyoizoea tangu utoto imebadilika. Zamani ilikuwa ikilia mama anasema watoto wako kazini. Sasa ikilia anaweka chini alichoshika na kusubiri.

Lililofuata linakuhusu wewe, kwa hiyo soma taratibu.

Tulikatazwa kushuka bondeni. Mama hakusikia. Unamjua. Alikuwa na viazi na maharage kwenye kinyungu chake, akasema hawezi kuacha chakula kioze udongoni kwa sababu ya jiwe. Asubuhi moja akashuka na jembe, peke yake, mimi nikiwa mgahawani. Alikuwa amefika katikati ya tuta la pili alipoona viatu. Ni askari watatu wa doria. Mkubwa wao akamwambia atoke. Mama akaendelea kupalilia. Akamwambia tena, mara hii kwa ukali, akamnyang'anya jembe. Mama akakaa pale pale kwenye tuta akasema kwa Kiswahili chake kile:

"Nipigeni basi. Na mimi nimezaa askari. Mwanangu Lukas Kristofa anavaa nguo kama hizo zenu. Mkinipiga mmempiga mama wa mwenzenu."

Yule mkubwa akalishusha jembe. Halafu akauliza, "Umesema anaitwa nani?"

Mama akalirudia jina lako. Yule askari naye akalirudia polepole, jina lako na la baba, kama mtu anayetaka asilisahau. Akamrudishia jembe, akamwambia, "Nenda nyumbani bibi," wakaondoka.

Mama aliporudi alikuwa anajisifu. Alinisimulia huku anacheka, kwamba jina la mwanae limewafukuza askari watatu. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria ya maharage mikononi, nikaiweka chini. Nikawaza: sasa wanalo jina. Watalipeleka wapi? Watasema nini? Kwamba familia ya askari fulani inapinga jeshi? Nilimwambia mama asirudie kulitaja jina lako mbele ya mtu yeyote. Akanishangaa. "Kwani nimemtukana?" Usiku huo Danford alisema huenda yule askari aliuliza tu kwa sababu ya kushangaa, na watu wa kazi moja wanapenda kujuana. Huenda. Lakini yeye Danford mwenyewe hakulala.

Habari ikaenea. Mtaani kwetu hakuna kinachokaa siku mbili. Akaja Rabson, yule fundi wa redio, ambaye watu walimchagua aongoze kamati ya wakazi. Ni mtu jasiri Rabson, au ndivyo tulivyomwona. Alikaa sebuleni kwa mama akasema kamati inataka kwenda mahakamani, na wanataka jina la mama liwe la kwanza.

"Mama Telesia akitangulia hakuna atakayetugusa," akasema. "Wote wanajua mwanae ni askari. Ninyi mna ngao, sisi wengine hatuna."

Mama alikuwa tayari. Nakwambia ukweli, alikuwa ameshasema ndiyo mdomoni. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia Rabson, "Ngao hiyo ni mdogo wangu. Ana mke na watoto. Ikitoboka, ninyi mtatafuta nyingine. Sisi tutampata wapi mwingine?" Rabson akasimama, akasema, "Sawa dada Aneth. Nimekuelewa." Akaaga. Hakunywa chai niliyompikia.

Wiki iliyofuata Rabson akapotea.

Alitoka asubuhi kwenda kwenye kibanda chake pale karibu na stendi, hakufika. Simu imezimwa. Mkewe Dorosela akazunguka kwa ndugu, hospitalini, polisi, hakuna anayejua. Mtu mmoja akasema aliona gari jeupe limesimama karibu na njia yake. Mwingine akasema halikuwa jeupe. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba amechukuliwa. Watu wa kamati wakaanza kumkataa mmoja mmoja: huyu anasema yeye hakuwahi kuhudhuria kikao, yule anasema alikwenda kusikiliza tu. Milango ya Nyikani ilifungwa jua likiwa bado linawaka. Danford alinikataza kwenda kufungua mgahawa alfajiri peke yangu, akawa ananisindikiza na panga kama vile panga lingesaidia kitu. Jenifa akaanza kuniuliza kama na bibi atachukuliwa. Nilimwambia hapana, na yeye akaona usoni mwangu kwamba sijui.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama nilifanya vema. Nilikwenda kambini.

Sikumwambia Danford. Nilivaa nguo za kanisani, nikapita njia ya barabarani nisije nikaonekana natoka bondeni. Kuna geti sasa, na kibanda cha walinzi. Nilimwambia askari wa pale kwamba nataka kumwona mkubwa yeyote anayeshughulika na mambo ya mpaka. Akaniweka kwenye benchi. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Askari wanapita, wengine wananisalimia, "Shikamoo mama," na kila shikamoo ilikuwa inanifanya nitake kukimbia. Nilikuwa naangalia nyuso zao natafuta yule aliyelirudia jina lako, ingawa sijawahi kumwona.

Mwisho akaja yule afisa wa mkutanoni. Akaketi kwenye benchi hilo hilo. Nikamwambia mama yangu ni mzee, alitaja jina la mwanae kwa hasira, mwanae hajui lolote kuhusu mgogoro huu na hajamtuma mtu. Nikamwomba lile jina liishie pale kwenye tuta la viazi.

Akauliza, "Huyo ndugu yako yuko kikosi gani?"

Nikaangalia geti.

"Mama, nakuuliza tu."

"Nimesahau, afande," nikasema. Alijua nadanganya. Akatabasamu, akasema, "Nani amekwambia nauliza ili nimdhuru?" Kweli hakuna aliyeniambia. Nikapata ujasiri kidogo nikamuuliza kuhusu Rabson, kama wanaye. Tabasamu likaisha. Akasema hawana mtu, na kama raia amepotea polisi wapo. Akainuka. Akamwambia mlinzi anifungulie.

Nilitembea mpaka nilipofika kwenye miti ya paini, nikakimbia.

Rabson alirudi mwenyewe. Hakuwa amechukuliwa na mtu. Alikuwa kijijini Mdandu, kwa wakwe zake, amejificha kwenye ghala la mahindi, nao amewaapisha wasimwambie hata binti yao. Kumbe asubuhi ile aliona gari limesimama karibu na njia, akafikiri linamngoja yeye, akaingia porini na kuzima simu, akatembea mpaka akapata pikipiki. Gari lenyewe lilikuwa la mtu anayenunua parachichi, alikuwa amesimama kubadilisha tairi. Nilidhani watu watacheka. Hakuna aliyecheka. Dorosela alimpokea kama mtu aliyefufuka, na yeye Rabson tangu hapo hazungumzi habari za kamati, ukimpita kibandani anainamisha kichwa kwenye redio zake. Kamati imekufa. Hakuna aliyeiua, imekufa kwa hofu tupu.

Mwezi uliopita likatoka neno kwamba mitambo inakuja. Watu wakaanza kuezua nyumba zao wenyewe, angalau wabaki na bati na mbao. Ungesikia kelele za misumari ikichomolewa mtaa mzima, Lukas, ungedhani ni mvua ya mawe. Danford alikuja na ngazi kwa mama. Mama akaingia ndani akakaa kitandani, akasema, "Ezueni. Mimi mtanikuta humu humu." Danford akasimama na ngazi mkononi, hajui aiweke wapi. Mwisho aliiegemeza ukutani, juu ya ile X, tukangoja.

Kijiko, ule mtambo wa kubomolea, kilikuja Jumatano asubuhi, na ukungu haujaondoka. Tulikisikia kabla ya kukiona. Mama alitoka, akanishika mkono; kiganja chake kilikuwa cha baridi kama cha mtu aliyetoka kufua. Kijiko kikashuka polepole, kikatupita, kikaenda kusimama chini ya nyumba, karibu na kaburi la baba. Watu wa ardhi wakaja na mwenyekiti wa mtaa, wakatangaza kwamba wakubwa wamekaa na kukubaliana upya. Mpaka umeshushwa. Hautapita tena juu, utapita pale kiliposimama kijiko. Nyumba zilizo juu ya mstari zinabaki. Zilizo chini zinaondoka leo, na wenyewe watapewa viwanja sehemu nyingine.

Nyumba ya mama iko juu ya mstari. Ukitoka mlango wa jiko unaweza kurusha jiwe dogo likaangukia kambini, lakini iko juu.

Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Halafu nikasikia Eveline anapiga kelele. Ni mjane aliyejenga chini yetu ukiwa umeshaondoka, ndiye aliyekuwa anamletea mama mboga za maboga. Nyumba yake ilianguka kwa pigo moja, kwa sababu alikuwa ameshaezua na kuta zilikuwa za matofali mabichi. Watoto wake walikuwa wamekaa juu ya magodoro barabarani wanaangalia. Zilianguka nyumba nyingi siku hiyo. Kufika mchana chini ya mama palikuwa peupe mpaka kwenye kijito.

Sasa ndugu yangu, kaa chini kama umesimama. Kaburi la baba lilikuwa chini ya mstari.

Tumemhamisha baba. Nisamehe kwamba unalisoma hili kwenye karatasi. Nilitaka kukupigia simu, mama akakataa. Alisema, "Akisikia atapanda gari usiku huo huo, atafika hapa na hasira zake, na hasira za askari si kama za mtu wa kawaida." Na mimi niliogopa vivyo hivyo, nikamtii.

Walitupa muda wa kujiandaa. Alikuja bwana afya, na mwinjilisti wetu, na wazee wa ukoo kutoka Mdandu. Kambi ilileta vijana wa kuchimba. Sikutaka waguse, lakini wazee ni wazee na udongo ulikuwa umekaza. Walichimba kwa adabu, sina la kuwalaumu. Walipoufikia ubao wa jeneza mmoja wao akatoka kwenye shimo akaenda kusimama pembeni akavua kofia, machozi yanamtoka. Mama akamsogelea akamsemesha Kibena. Yule kijana akamjibu Kibena. Kwao ni Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani. Mama akampangusa uso kwa khanga yake, akamwambia arudi amalizie kazi. Baba alibaki kidogo sana, Lukas. Walimweka kwenye sanduku jipya ambalo Danford alilipiga randa mwenyewe. Mama hakutaka tumzike upya uani. Alisema, "Huo mstari umeshahama mara moja. Sitaki kumzika baba yenu mara ya tatu." Kwa hiyo yuko Mdandu, pembeni ya babu. Tuliimba, mwinjilisti akaomba, tukarudi na jua lilikuwa bado lipo. Mahali alipokuwa amelala huku pamefukiwa, na uzio wa waya umepita juu yake.

Ungedhani hofu imeisha, kwa kuwa nyumba ipo. Imebadilika uso tu.

Siku chache baada ya kubomolewa, nilikwenda kuchota maji bombani. Wanawake walikuwa wanaongea, wakanyamaza. Mmoja akanipisha kwenye foleni. "Tangulia wewe dada," akasema, "ninyi ni watu wa kambi." Wengine wakaangalia ndoo zao. Tangu hapo nasikia vipande vipande: kwamba mstari ulipindishwa makusudi pale kwa mama Telesia kwa sababu mwanae ni askari. Kwamba dada yake alionekana anaingia getini na nguo za kanisani. Kwamba tulikataa kuongoza kesi kwa sababu tulishajua tutapona. Ukiyapanga hivyo yanafanana na kweli, hata mimi mwenyewe nikiyasikia nashtuka. Kuna mtu ametupa kinyesi mlangoni kwa mama. Nguruwe mmoja amekufa ghafla, hatujui ugonjwa au mkono wa mtu. Jenifa wenzake wamemhama dawati. Zamani nilikuwa naogopa watu wa upande ule wa waya. Sasa nikitembea mtaani nilikozaliwa nasikiliza hatua za walio nyuma yangu.

Mama amemchukua Eveline na watoto wake, wanakaa chumba chako. Hakutuuliza, alikwenda tu kuwaokota barabarani na magodoro yao. Eveline anafanya kazi zote, anashukuru kupita kiasi, lakini kuna wakati namkuta amesimama kwenye mlango wa jiko anaupima kwa macho ule mstari, kutoka mahali nyumba yake ilipokuwa mpaka ukuta wetu. Na mimi nageuka nikapite mlango wa mbele.

Ulituma ujumbe kwa Danford kwamba umepata likizo Agosti na unakuja. Njoo, tunakuhitaji, mama amezeeka mwaka huu. Lakini nakuomba kama dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni: usije na sare. Usishuke Makambako na begi la jeshi. Vaa shati lako la kawaida, panda bajaji kama mtu yeyote, na ukifika mtaani uwasalimie wote, hata wasiokujibu. Usiende kambini. Usiombe kuonana na afisa, hata kumshukuru. Ukitaka kumwona baba tutakwenda wote Mdandu.

Kuna jambo moja la mwisho, na mama hajui kwamba nakuuliza. Je, ulimwomba mtu? Kuna mkubwa yeyote uliyezungumza naye kuhusu nyumba ya mama? Kama hukuzungumza, niandikie neno moja tu, hapana, nitamsomea Eveline na nitaweza kumtazama machoni. Kama ulizungumza, nakuelewa, ni mama yako. Ila basi usiniandikie chochote. Nitangoja jibu mpaka Davis arudi na lori lake, na akirudi mikono mitupu sitauliza tena maisha yangu yote.

Danford anakusalimu shemeji yake, anasema ngazi yako ya zamani bado anaitumia. Jenifa anamsalimu mjomba wake na anaomba kalamu. Dorosela anakusalimu, Rabson aliitikia kwa kichwa nilipomwambia nakuandikia. Eveline naye anakusalimu, ingawa hakujui. Mama anasema ule vizuri, na kwamba anakuombea wewe na wale wote mnaovaa nao sare, pamoja na yule kijana wa Ramadhani ambaye hakumuuliza jina.

Mungu wa baba yetu akufunike wewe na nyumba yako, ulale na uamke salama.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ninapokuwa na hofu,

Aneth